Mimba Ngapi, Tangu Wiki ya Ngapi?

Aprili 2021 jarida la tiba la New England Journal of Medicine lilitoa matokeo ya mwanzo kuhusu wanawake wa Marekani waliochanjwa dhidi ya UVIKO-19 wakiwa na mimba. Ndani ya makala hayo mlikuwa na jedwali moja la hatima ya mimba, na chini yake tanbihi fupi ya herufi ndogo. Humo zilitoka asilimia mbili zilizozunguka dunia. Moja, iliyochapwa na watafiti wenyewe, ilisema mimba zilizoharibika zilikuwa asilimia 12.6, na watetezi wa chanjo wakashusha pumzi. Nyingine, iliyokokotolewa na wasomaji wenye mashaka, ilisema ni asilimia 82, na akina mama wengi wakaingiwa na hofu. Asilimia zote mbili zilijengwa juu ya mimba zilezile 104, na zote mbili zilikuwa na kosa.

Tumelitenga toleo hili kwa ajili ya swali ambalo kosa hilo lililifukua: mimba inapopotea baada ya chanjo, inaandikwa wapi, inaitwaje, na inagawanywa kwa namba ipi? Msimamo wangu nauweka mapema. Namna tunavyoainisha mimba iliyopotea ndiyo inayoamua kama tutaweza kuitetea chanjo au kuishtaki, na katika fomu tunazotumia kwetu leo hatuwezi kufanya lolote kati ya hayo mawili kwa haki.

Nianze na hesabu yenyewe. Wanawake 3,958 waliingizwa katika rejesta ya ufuatiliaji. Hadi takwimu zinafungwa, mimba 827 zilikuwa zimefika mwisho wake: watoto 712 walizaliwa hai, mimba 104 ziliharibika kabla ya wiki ya 20, mtoto mmoja alizaliwa mfu, na mimba 10 zilikuwa za kutolewa au zilizotunga nje ya mfuko wa uzazi. Watafiti waligawanya 104 kwa 827. Lakini kati ya wanawake hao 827, 700 walichanjwa katika miezi mitatu ya mwisho. Mwanamke aliyechomwa sindano akiwa wiki ya 30 hawezi tena kupoteza mimba kabla ya wiki ya 20. Kumweka katika namba ya chini ni kuipunguza hatari kwa watu ambao hatari hiyo haikuwahusu kabisa.

Wasomaji wenye mashaka waliliona hilo, na walikuwa na haki ya kuliona. Wakatoa 700 katika 827, wakabaki na 127, wakagawanya 104 kwa 127. Hapo nao wakaanguka. Chanjo zilianza Marekani katikati ya Desemba 2020, na takwimu zilifungwa kabla ya miezi minne kupita. Mwanamke aliyechanjwa akiwa wiki ya 8 hakuwa amefika hata wiki ya 25. Ndani ya muda huo mfupi, mimba changa karibu haikuwa na njia nyingine ya kuhesabiwa kuwa imefika mwisho isipokuwa kwa kupotea. Waliokuwa bado wamebeba mimba zao salama hawakuwemo katika wale 127 hata kidogo. Ni sawa na mtu anayesimama Chalinze, akahesabu walioshuka kwenye basi la Dar es Salaam kwenda Mwanza, kisha akatangaza kwamba abiria wote wa basi lile ni wa Chalinze.

Walikuwepo wanawake 1,224 waliochanjwa karibu na siku za kushika mimba au katika miezi mitatu ya mwanzo. Kati yao, 905 walikuwa bado hawajafuatiliwa hadi wiki ya 20. Hao ndio waliokuwa na jibu, na jibu lao lilikuwa halijafika. Jarida lilisahihisha jedwali mwaka huohuo na kuiondoa ile asilimia. Baadaye zikaja hesabu zilizofanywa inavyostahili: wanawake 2,456, kila mmoja akihesabiwa kuanzia wiki aliyoingia katika ufuatiliaji. Hatari ya mimba kuharibika kati ya wiki ya 6 na ya 20 ikaonekana kuwa asilimia 14.1, na 12.8 baada ya kuzingatia umri wa wanawake. Utafiti mwingine wa Marekani ulipitia mimba zaidi ya 105,000, ukalinganisha walioharibikiwa na wale ambao mimba zao zilikuwa zinaendelea katika wiki zilezile, na haukukuta tofauti katika kuchanjwa. Norway nayo ilipata jibu la namna hiyo.

Chanjo, basi, ilitoka salama. Lakini sikubaliani na wenzangu wengi wa sekta ya afya walioikejeli ile asilimia 82 kwa miezi kadhaa huku wakiipita kimya ile 12.6. Kosa lilikuwa la aina moja. Tofauti ni kwamba moja lilitupendeza. Mwananchi anayetuona tukisahihisha makosa ya upande mmoja tu ana sababu nzuri ya kutotuamini siku tutakapokuwa na jibu sahihi.

Sasa tuingie katika uainishaji wenyewe, maana kugawanya ni hatua ya mwisho. Kabla ya kugawanya, mtu fulani kwenye meza fulani ameamua kwamba tukio hili ni mimba kuharibika na lile ni mtoto kuzaliwa mfu. Mpaka kati ya mawili hayo haufanani duniani. Marekani ni wiki ya 20. Uingereza ilikuwa wiki ya 28 hadi sheria ya 1992 ilipoushusha hadi wiki ya 24. Shirika la Afya Duniani, WHO, hutumia wiki ya 28 linapolinganisha nchi na nchi, na takwimu za kwetu Tanzania na Kenya kwa kawaida hufuata hiyo. Mimba iliyokufa wiki ya 23 itaandikwa kuwa mtoto mfu huko Boston, na mimba iliyoharibika huko London na Dodoma. Ripoti zote tatu zinaweza kuishia katika hifadhidata moja ya kimataifa iliyoko Uppsala, Sweden. Anayezichota kwa kutafuta jina la tukio bila wiki zake atadhani nchi moja ina janga na nyingine haina.

Mpaka wa wiki, hata hivyo, ni tatizo dogo, kwa sababu wiki zikiandikwa mtu anaweza kuzipanga upya. Linalonisumbua zaidi ni tarehe.

Chukua mfano wa mwanamke aliyechanjwa Jumatatu, akiwa na mimba ya wiki 10 kwa hesabu ya hedhi yake ya mwisho. Ijumaa anaona damu. Anapigwa ultrasaundi na kukutwa na kiini cha mimba chenye ukubwa wa wiki 7, moyo haupigi. Mimba hiyo ilikoma kukua wiki kadhaa kabla ya sindano, ila mwili ulikuwa haujaitoa. Katika fomu, kwenye nafasi ya siku tukio lilipoanza, mhudumu ataandika Ijumaa, siku ambayo damu ilionekana. Mtu mwingine yeyote atakayeisoma fomu hiyo ataona siku nne kati ya sindano na kuharibika kwa mimba, na siku nne zinatisha.

Geuza mfano. Mwanamke anachanjwa wiki ya 10, kiini kinakufa wiki ya 11, yeye anakuja hospitali wiki ya 15. Fomu itaonyesha wiki tano, na mkaguzi ataandika kwamba muda ni mrefu mno kuhusishwa. Kama chanjo fulani kweli ingekuwa na madhara, fomu hii ingeyaficha kwa urahisi uleule ambao ile ya kwanza iliyazua. Kwa hiyo fomu inahitaji tarehe mbili: siku mimba ilipotoka au dalili zilipoanza, na makadirio ya siku ilipokufa, pamoja na namna makadirio hayo yalivyopatikana.

Kwa mimba iliyokomaa, ushahidi huo huwa mikononi mwa mkunga, na haugharimu chochote. Mtoto aliyefariki wakati mama akiwa katika uchungu huzaliwa na ngozi nzima. Aliyefariki siku moja au zaidi kabla, ngozi huwa imeanza kuchubuka na kuachia inapoguswa. Wakunga wetu wanalijua hili tangu chuoni, na rejesta ya chumba cha uzazi inawataka wachague mojawapo. Tofauti hiyo ina uzito mkubwa. Ripoti ya UNICEF, WHO na washirika wao ya mwaka 2020 ilikadiria kuwa watoto takriban milioni 2 walizaliwa wafu duniani mwaka 2019, na zaidi ya asilimia 40 walifariki wakati wa uchungu. Vifo vya namna hiyo mara nyingi vinaulizia uangalizi, gari la wagonjwa, upasuaji uliochelewa. Vile vya kabla ya uchungu vinaulizia malaria, kaswende, kifafa cha mimba, kondo la nyuma, na ndiyo, vinaulizia pia dawa na chanjo alizopewa mama. Lakini mkunga akimaliza kuijaza rejesta ya uzazi akachukua fomu ya madhara ya chanjo, hakuna sehemu inayomwuliza kuhusu ngozi ya mtoto. Alichokiona kwa macho yake kinabaki katika kitabu kingine.

Ipo pia fomu ya mfano ya WHO ambayo nchi nyingi zimeirekebisha na kuitumia. Inauliza kama tukio ni zito, na ikiwa ni zito, ni kwa sababu gani: kifo, kuhatarisha maisha, ulemavu, kulazwa, kasoro ya kuzaliwa, au tukio lingine muhimu la kitabibu. Kifo hapo ni cha aliyechanjwa. Mama aliyepoteza mimba ya miezi saba ataingizwa katika tukio lingine muhimu, pamoja na mambo mengine yote yaliyokosa nafasi. Mfumo wa Marekani wa kupokea ripoti, VAERS, ulioanza mwaka 1990, nao hauhesabu mimba iliyopotea katika safu ya vifo, na wapo wanaosema huko ni kuficha.

Nimelifikiria dai hilo kwa uzito. Sioni kwamba jibu ni kuzimwaga mimba zote zilizopotea katika safu ya kifo, kwa sababu hapo kifo cha mama, ambacho ni adimu na kinahitaji uchunguzi wa haraka, kitazama katikati ya maelfu ya mimba changa. Kati ya mimba zinazojulikana, takriban 15 katika kila 100 huharibika bila chanjo yoyote, na katika nyingi ya hizo za mwanzo sababu ni hitilafu za kromosomu. Ukiwachanja wanawake 10,000 wenye mimba changa, jiandae kwa ripoti zaidi ya 1,000 za mimba kuharibika hata kama sindano ina maji matupu. Lakini wanaolalamika wana hoja wanaposema kwamba kitu kisicho na safu yake hakihesabiwi. Mimba iliyopotea inastahili ukurasa wake.

Ukurasa huo hauhitaji kubuniwa upya. Mwaka 2014 wataalamu wa Brighton Collaboration, kundi la kimataifa linaloandaa fasili za matukio ya chanjo, walianzisha pamoja na WHO mradi unaoitwa GAIA kwa ajili ya chanjo za wajawazito. Fasili zao za mtoto kuzaliwa mfu zilichapishwa mwaka 2016, na za mimba kuharibika na mimba ya nje ya mfuko wa uzazi mwaka uliofuata. Ninachokipenda ndani yake ni kwamba hazimdai mhudumu wa zahanati awe na mashine ya Ulaya. Zinaweka ngazi za uhakika. Umri wa mimba uliopimwa kwa ultrasaundi ya mapema uko ngazi ya juu. Kimo cha mfuko wa uzazi, au hedhi ya mwisho ambayo mama anakumbuka kwamba ilikuwa baada ya Idi au wakati wa palizi ya kwanza, kina ngazi ya chini, lakini kina ngazi. Ripoti yenye uhakika mdogo haitupwi, ila inawekwa mahali pake, na anayehesabu anajua anachokihesabu.

Kwetu kuna mambo mawili ambayo hata fasili hizo haziyatatui, na nitayasema wazi kwa sababu makala za toleo hili zinayarudia kutoka pande tofauti. La kwanza ni kwamba wanawake wengi wa Afrika Mashariki huanza kliniki baada ya mwezi wa tatu. Mimba zinazopotea kabla ya hapo, ambazo ndizo nyingi, haziingii katika kitabu chochote. Mfumo unaoanza kuhesabu wiki ya 16 utaonyesha kiwango kidogo cha mimba kuharibika, na mtu asiyeangalia vizuri atafurahia namba ambayo ni upofu tu. La pili ni sheria na aibu. Mahali ambapo kutoa mimba kunaweza kumpeleka mtu mahakamani, mwanamke aliyeitoa atasema imetoka yenyewe. Sidhani kuna anayeweza kumlaumu. Ila kuna siku jibu lake litaingia katika safu ya matukio yanayofuatia chanjo, kwa sababu kadi yake inaonyesha alichomwa ya pepopunda wiki mbili nyuma. Fomu inayotaka ukweli huo lazima imhakikishie, kwa maandishi, kwamba haitatoka nje ya timu ya uchunguzi.

Kenya ililipia ukosefu wa hesabu hizi mwaka 2014. Maaskofu Katoliki walidai kuwa chanjo ya pepopunda iliyokuwa ikitolewa kwa wanawake wa miaka 14 hadi 49 ilichanganywa na homoni ya mimba, hCG, ili kuwafanya wasizae. Serikali, WHO na UNICEF walikanusha. Vita ikapiganwa maabara: sampuli ya nani, mashine gani, chupa ilifunguliwa wapi. Lakini dai lenyewe lilikuwa na matokeo yanayoonekana kwa macho. Kama ni kweli, wanawake waliochanjwa wangeshindwa kushika mimba au wangezipoteza mapema kuliko wenzao wa kaunti ambazo kampeni haikufika. Rejesta nzuri ya mimba ingemjibu askofu kwa lugha ambayo kila muumini wake anaielewa. Badala yake watu waliombwa wachague nani wa kumwamini.

Wapo watakaosema kwamba kuhesabu kwa makini namna hii ni kuwapa silaha wapinga chanjo. Naona kinyume chake, na nina mifano miwili. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo yaliyowatia wao wenyewe wasiwasi: wanawake waliochanjwa mafua misimu miwili mfululizo, chanjo zote zikiwa na kirusi cha H1N1 cha 2009, walionekana kupoteza mimba zaidi ndani ya siku 28. Kila tukio lilikuwa limepitiwa kwenye faili na kupewa tarehe kwa kutumia ultrasaundi. Kwa sababu uainishaji ulikuwa safi, iliwezekana kurudia swali lilelile katika misimu mitatu iliyofuata kwa idadi kubwa zaidi, na uhusiano haukuonekana tena.

Mfano wa pili ulikwenda upande mwingine. Kampuni ya GSK ilikuwa ikijaribu chanjo ya wajawazito dhidi ya RSV, kirusi kinachobana vifua vya watoto wachanga. Februari 2022 ilisimamisha majaribio. Miongoni mwa watoto wa waliochanjwa, asilimia 6.8 walizaliwa kabla ya wakati, dhidi ya 4.9 kwa waliopewa sindano isiyo na dawa, na pengo lilikuwa kubwa zaidi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Tofauti ya watoto wawili katika mia. Hakuna muuguzi ambaye angeiona wodini kwake. Ilionekana kwa sababu kila mimba ilikuwa na wiki zake, na wiki hizo zilijulikana kwa njia moja kwa wote.

Chanjo nyingine ya RSV, ya Pfizer, ilipitishwa na WHO Machi 2025 kwa ununuzi wa mashirika ya Umoja wa Mataifa, na WHO inapendekeza itolewe katika miezi mitatu ya mwisho. Itafika katika kliniki zetu. Naamini itaokoa watoto wengi, na kwa sababu hiyohiyo nataka ikute vitabu vikiwa tayari. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba ya Tanzania (TMDA), Bodi ya Famasia na Sumu ya Kenya na wenzao wa Uganda, Rwanda na Burundi wanaweza kukubaliana ukurasa mmoja: umri wa mimba kwa wiki na namna ulivyopimwa, tarehe ya sindano, tarehe mbili za tukio, hali ya ngozi ya mtoto, na idadi ya wajawazito wote waliochanjwa kituoni mwezi ule. Hiyo ya mwisho ndiyo inayosahaulika kila mahali, na bila hiyo yote yaliyotangulia yatatuletea 104 nyingine isiyo na namba ya chini.

Kamati za taifa zinazopima kama tukio limesababishwa na chanjo nazo zina la kubadilisha. Zinafuata mpangilio wa WHO wenye herufi nne: A kwa linaloendana na chanjo, B kwa lisiloamulika, C kwa lililosadifu tu, D kwa lisiloainishika kwa kukosa taarifa. Mimba iliyopotea bila ultrasaundi, bila kipimo cha malaria wala kaswende, bila mtu kumtazama mtoto, inagongwa C kwa wepesi mno, kwa hoja kwamba mimba huharibika tu. Mahali pake ni D. C ni hitimisho, na hitimisho linataka kazi iliyofanyika.

Mwisho ni kuhusu mama mwenyewe. Anapewa pole, kadi yake inafungwa, fomu inaondoka kwenda wilayani, mkoani, makao makuu, na kamati inakaa. Fomu iwe na sehemu ya namba ya simu yake, kwa ridhaa yake, na jibu la kamati, hata likiwa D, mkunga wa kituo chake ampelekee na amweleze limetokana na nini.